Anzia kona moja: mwongozo wa kuutuliza mtaa wenu hapa Tanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama kwenye kona yoyote ya Ngamiani uangalie nani anapita. Atapita mzee na baiskeli yake ya Phoenix, kreti la mikate limefungwa kwa mpira kwenye keria. Atapita mama aliyekusanya ncha za buibui zisiingie kwenye spoku, mtoto wa chekechea kampakia nyuma, kikapu kakining'iniza kwenye usukani. Watapita wanafunzi wamejipanga kwenye ule ukingo mwembamba kati ya lami na mtaro. Halafu linakuja gari moja, mtu mmoja ndani, linapiga honi, na wote hao wanabanana pembeni kulipisha.

Wengi wetu tunakumbuka barabara zetu za namba zilipokuwa na mashimo. Yale mashimo yalikuwa matuta yetu bila wenyewe kujua. Dereva alipinda huku na huku, na mtoto alipata muda wa kukimbilia barazani. Lami ilipokuja, nasi ndio tulioiomba, vumbi likaondoka na maji ya masika yakapata pa kupita, lakini mwendo nao ukaja. Simlaumu aliyeleta lami. Nasema kazi iliachwa nusu, na nusu iliyobaki inaweza kuanzwa na wakazi wenyewe wakiwa na daftari, futi kamba na subira.

Tunaanza tukiwa na bahati ambayo miji mingi haina. Kwingine serikali zinatumia fedha nyingi kuwabembeleza watu wapande baiskeli. Tanga hakuna wa kubembelezwa: ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na wanawake wetu wanaendesha baiskeli bila mtu kugeuza shingo. Kazi yetu ni kuhakikisha anayeendesha leo haachi kesho kwa kuogopa kugongwa.

Hatua ya kwanza: chagueni kona moja

Msianze na barabara nzima. Mkiomba barabara nzima mtajibiwa kwamba ombi limepokelewa, na litakaa faili miaka. Kona moja ina gharama inayoweza kutajwa na ina jina, na injinia anaweza kuja kuiona kwa nusu saa.

Tafuteni mahali ambapo watu wengi wasio na gari wanakutana na magari yenye haraka: mlango wa shule, madrasa, soko kama Mgandini au Makorora, kituo cha daladala, njia ya kwenda hospitali ya Bombo, au pale barabara inapokata reli. Kisha waulizeni wanaokaa hapo kutwa. Mama wa vitumbua anaijua kona kuliko trafiki yeyote. Msimuulize "ajali ngapi zimetokea?" maana ajali kubwa ni chache na kila mtu anaikumbuka ileile. Muulizeni nusura: ni mara ngapi kwa wiki anafumba macho akidhani mtu ameshagongwa? Kona yenye nusura nyingi ndiyo yenu, hata kama bado hajafa mtu.

Hatua ya pili: kaeni mhesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba zote zinazofuata. Mtaani tunasema "magari yanakimbia sana hapa". Ofisini sentensi hiyo haina pa kuandikwa. Ukifika na daftari lenye safu na tarehe, mazungumzo yanabadilika siku hiyohiyo.

Nunueni kaunta buku moja. Watu wawili wanatosha, mmoja kila upande wa barabara, kila mmoja na ukurasa wake. Chora safu: watembea kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, bodaboda, bajaji, daladala, magari madogo, malori. Kila anayepita ni kijiti kimoja, cha tano kinakata vinne. Watoto, wazee na watu wenye ulemavu wapewe safu zao, kwa sababu ndio tutakaowatetea. Andikeni pia wanawake wangapi wako kwenye baiskeli. Mahali ambapo wanawake na watoto wameacha kuendesha, hata kama wanaume bado wanapita, hapo hofu imeshaingia.

Saa za kuhesabu zifuate maisha ya Tanga. Asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili. Jioni msingoje wafanyakazi watoke ofisini, anzeni saa tisa, maana watoto wetu wana safari mbili kwa siku: shule asubuhi, madrasa baada ya chakula. Hiyo ya pili haimo kwenye mipango ya wengi na ndiyo ambayo mtoto anakwenda peke yake. Ijumaa ina sura yake. Na kama mnaweza, hesabuni siku moja ya Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi, wakati kila dereva anawahi futari na kila mtoto ametumwa tende au kashata dukani. Hakuna saa niliyoiogopa kona yetu kama hiyo.

Siku mbili za kawaida na siku moja ya soko zinatosha. Andikeni na hali ya hewa. Mvua ikinyesha watu wanahama ukingoni na kuingia katikati ya lami kukwepa madimbwi, na hilo ni la kuandikwa.

Hatua ya tatu: pimeni mwendo

Hamhitaji tochi ya trafiki. Pimeni mita 50 kwa futi kamba pembezoni mwa barabara, sehemu iliyonyooka kabla ya kona. Wekeni alama ya chokaa mwanzo na mwisho. Mmoja akae pembeni aone alama zote mbili vizuri, awe na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari likigusa alama ya kwanza anabonyeza, likigusa ya pili anabonyeza.

Likitumia sekunde 6, lilikuwa kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 na nusu ni kilomita 40. Sekunde 3 na sehemu 6 ni kilomita 50. Sekunde 3 kamili ni kilomita 60. Pimeni magari hamsini hivi, yaliyo peke yake, yasiyo nyuma ya mengine. Msijitokeze barabarani wala kuwaonyesha madereva kwamba mnapima, wataenda taratibu na mtaandika uongo.

Kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu kwa sheria zetu za usalama barabarani ni kilomita 50 kwa saa. Mtakutana na watu wenye nia njema watakaosema kwamba dereva anayefuata hamsini hana kosa. Kisheria ni kweli. Sasa fanyeni nao hesabu hii, na ningependa kila mzazi aijue.

Gari la kilomita 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, inapita kama sekunde moja tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki. Mita 14 zimekwisha na breki bado haijaguswa. Baada ya hapo, lami ikiwa kavu na breki nzima, zinakwenda nyingine kama 14 ndipo lisimame. Jumla ni mita 28. Gari la kilomita 30 linatumia mita 8 za kushtuka na 5 za breki, jumla 13. Kwa hiyo mtoto akichomoka mita 13 mbele, gari la thelathini linasimama miguuni pake. La hamsini linamfikia dereva akiwa hajakanyaga breki hata kidogo, na mwendo wake wote. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo: ukitoka 30 kwenda 50, inakaribia kuwa mara tatu.

Ndiyo maana Februari 2020, nchi zilipokutana Stockholm, Sweden, kuzungumzia usalama barabarani, zilikubaliana kwamba mahali ambapo watembea kwa miguu na baiskeli wanachanganyika na magari, mwendo usizidi kilomita 30. Mnapoomba kibao cha 30 hamuombi jambo la ajabu.

Ongezeni na hesabu ya mzee. Mtu mzima wa miaka sabini anatembea kama mita moja kwa sekunde. Barabara ya mita 9 inamtaka sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo gari la hamsini linasafiri mita 125, yaani anapoweka mguu wa kwanza kwenye lami hilo gari lilikuwa mbali kiasi kwamba hakulihesabu.

Hatua ya nne: jueni barabara ni ya nani

Watu wengi wanapoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kutoka Segera inayoingia mjini kupitia Pongwe, au ya Horohoro na ya Pangani, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Njia na vituo vya daladala vina mkono wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, pamoja na halmashauri ya jiji. Kusimamia mwendo na maegesho ni kazi ya trafiki. Mabomba ni mamlaka ya maji, nguzo za umeme ni TANESCO. Kona moja inaweza kuwa na wenyewe watano. Andikeni orodha yao kwenye jalada la daftari.

Hatua ya tano: mkutano wa mtaa

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hamjaenda kwingine kokote, mkamwonyeshe daftari. Akitangulia kulisikia ofisini kwa diwani, mmemwondolea heshima yake na mtamhitaji baadaye. Mwombeni aliweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi.

Mkutanoni msitangulize majibu. Onyesheni hesabu, kisha nyamazeni. Waacheni watu waseme. Watakaopinga si maadui. Mwenye duka anahofia wateja hawatapata pa kuegesha. Mama lishe anahofia kufukuzwa. Vijana wa bodaboda wanahofia kijiwe chao. Hofu hizo ni za riziki, na mtaa hautulizwi kwa kumnyang'anya mtu riziki.

Kwetu sisi jambo lilikwama kwa vijana wa bodaboda, kwa sababu walikuwa wanapanga pikipiki zao kwenye mdomo wa kona kabisa. Mmoja akasimama kwa adabu akasema, "Shikamooni wazee wangu. Tukihama pale, abiria watatupata wapi?" Akamjibu bibi mmoja wa mtaa: "Marahaba mwanangu. Abiria wako ndiye mimi. Juzi mjukuu wangu amekwepa pikipiki zenu akaingia barabarani. Sogeeni hatua kumi tu, nitawafuata hukohuko." Walisogea hatua kumi na tano, na wenyewe ndio waliokuja kuwa walinzi wa kona.

Wafanyabiashara wadogo wapangiwe nafasi na wasiondolewe. Meza ya matunda iliyo upande wa nyuma wa njia ya miguu, ikiacha mita mbili wazi, inafanya mtaa uwe salama zaidi usiku kuliko ukuta mtupu. Pana macho na taa, na pana mtu wa kumwita.

Andikeni muhtasari, na waliohudhuria wasaini. Bila muhtasari, mkutano haukufanyika.

Hatua ya sita: chagueni dawa inayolingana na ugonjwa

Hapa watu wote huruka na kusema "tuta". Tuta lina mahali pake, nitalifikia. Kwenye mitaa ya mraba kama Ngamiani, ambako kila hatua chache kuna njia panda, dawa ya kwanza ni kuonana. Angalieni kona yenu: kuna gari limeegeshwa mpaka mwisho, pipa la taka, bango la simu, rundo la mchanga wa ujenzi. Mtoto mwenye urefu wa mita moja haoni gari na gari halimwoni. Acheni mita sita kutoka kila kona bila kitu chochote kilicho juu ya goti. Mji wa Hoboken, New Jersey huko Marekani, wenye watu kama 60,000 na mitaa iliyobanana ya mraba kama yetu, ulishikilia jambo hili la kufungua kona pamoja na mengine madogomadogo, na tangu mwaka 2017 ukapita zaidi ya miaka saba bila mtu kufa kwa ajali katika barabara zake. Kufungua kona ni rangi, vibao na makubaliano. Gharama yake ni ndogo kuliko zote.

Ya pili ni umbo la kona. Ikichongwa kwa duara kubwa, gari linapinda bila kupunguza mwendo. Ikibanwa, dereva analazimika kushika breki, na anayevuka ana hatua chache zaidi za kupiga. Mwombeni injinia aibane kwa ukingo wa zege, akizingatia lori la taka nalo lipite.

Sasa tuta. Tuta jema lina kimo kisichozidi sentimita 10 na upana wa karibu mita 3.7, limeinuka taratibu mithili ya mgongo wa jahazi lililopinduliwa. Baiskeli inalipanda bila kuruka. Tuta bovu ni lile jembamba, kali, lisilo na rangi. Linavunja spoku, linamtesa mjamzito anayekimbizwa Bombo kwa bajaji, na usiku linaua. Nawasihi sana, msijijengee tuta. Mtaa mmoja niliowahi kuishi tulijaza zege usiku kwa hasira baada ya mtoto kugongwa. Siku ya tatu kijana wa pikipiki alianguka pale akavunjika bega. Hasira yetu ilikuwa ya haki, tuta letu halikuwa.

Kilicho bora kuliko tuta peke yake ni zebra iliyoinuliwa: tuta lenye mgongo bapa, michoro juu yake, na uso wake sawa na njia ya miguu pande zote mbili. Dereva anapunguza hata kama haheshimu rangi, na kiti cha magurudumu kinavuka bila kushuka. Zebra ya rangi tupu kwenye barabara ya mwendo mkubwa ni hatari zaidi ya kutokuwa nayo, kwa sababu inampa mtoto imani ambayo dereva hana.

Penye shule, angalieni geti kwanza. Dar es Salaam kulikuwa na mpango wa shirika la Amend ulioitwa SARSAI, uliochagua shule zenye watoto wengi wanaoumia na kuwawekea njia za miguu, matuta, vibao na zebra, na mahali pengine wakahamisha tu geti kutoka barabara kubwa kwenda njia ya pembeni. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya kimataifa ya miji ya kituo cha WRI Ross. Geti likihama, mamia ya watoto hawaikanyagi tena ile barabara.

Mtaro. Shangazi yangu alitumbukia jioni kwenye mtaro ulioachwa wazi baada ya matengenezo, akavunjika nyonga, na hakutembea tena bila mkongojo. Walioufungua hawakurudi. Tangu siku hiyo mfuniko wa mtaro kwangu ni kifaa cha usalama barabarani sawa na taa. Hesabuni mifuniko iliyokosekana ndani ya mita 100 za kona yenu, kila mmoja na picha yake na namba ya nyumba iliyo jirani. Mtaro ukifunikwa vizuri, mara nyingi ndiyo njia ya miguu mliyokuwa mkiitafuta: mita moja na nusu za zege tayari mmezipata bila kubomoa ukuta wa mtu.

Baiskeli zinataka maneno zaidi, maana ndizo sura ya mji wetu. Kwenye mitaa ya ndani, mwendo ukishuka hadi 30, hazihitaji njia yao, wote wataelewana. Kwenye barabara pana zenye malori ya saruji na mafuta, mstari wa rangi haumlindi mtu. Hapo ombeni njia iliyotenganishwa na kitu kigumu, iwe na mita mbili, kwa sababu baiskeli ya Tanga inabeba. Magunia mawili ya mkaa hayapiti kwenye mita moja. Kagueni vifuniko vya wavu vya mitaro: nafasi zikielekea upande ule wa safari, tairi linazama. Zigeuzwe zikate njia. Na pale reli inapokata barabara kwa mshazari, tairi jembamba huingia kwenye mfereji wa chuma na mtu anaruka mbele. Mwelekeo wa njia ya baiskeli upindwe kidogo, ili mtu aivuke reli ikiwa imemkata mbele moja kwa moja. Reli hii imekuwapo tangu Wajerumani waanze kuijenga mwaka 1893, na bado inaangusha watu. Mwisho, pawe na vyuma vya kufungia baiskeli karibu na mlango wa soko na zahanati, chini ya kivuli, visikae nyuma ya jengo ambako wezi wanajisevia.

Daladala: kituo kiwe baada ya zebra, kisiwe kabla yake. Gari likisimama kabla ya zebra, anayevuka anachomoka mbele ya pua yake na hakuna anayemwona. Likisimama baada, abiria wanashuka na kurudi nyuma kuvuka. Ni mita kumi tu za kusogeza kibao. Kituo kiwe na benchi na paa, hata la makuti. Mwenye kungoja juani saa nane mchana wa Februari hatangoja mara ya pili, atatafuta pikipiki.

Kivuli nacho ni usalama. Watu wanatembea upande wenye kivuli hata kama ndio upande wenye magari. Pandeni miarobaini upande ule mnaotaka watu wapite, mbali na kona, na chagueni mtu wa kuimwagilia kwa jina mpaka masika mawili yapite.

Taa ziangaze njia ya miguu na kivuko. Taa moja juu ya zebra inafaa kuliko tatu katikati ya barabara.

Hatua ya saba: jaribuni kwanza

Kabla ya zege, ombeni kibali cha TARURA na trafiki kwa jaribio la wiki mbili. Bila kibali msiweke chochote. Mkishakipata, matairi chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe na kujazwa mchanga yanatosha kubana kona. Wekeni vipande vya kuakisi mwanga, na kila magharibi mtu apite kuhakikisha hakuna tairi lililosogea. Chora zebra kwa rangi ya maji. Mkiona lori la taka haliwezi kupinda, sogezeni tairi nusu mita, ndiyo faida ya kujaribu. Rudini na daftari lilelile, saa zilezile, mhesabu na mpime mwendo.

Hatua ya nane: barua na bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake inapikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Juni imechelewa. Lengeni ifike kabla Desemba haijaisha, ili diwani aibebe kwenye kamati ya maendeleo ya kata ikiwa bado pana nafasi. Iwe ukurasa mmoja. Mfano wake:

YAH: OMBI LA KUPUNGUZA MWENDO WA MAGARI KATIKA KONA YA BARABARA YA ... NA ...

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa mtaa wa ... tulifanya hesabu katika kona tajwa tarehe ... na .... Kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:00 asubuhi walipita watembea kwa miguu ..., baiskeli ..., bodaboda na bajaji ..., na magari .... Kati ya magari ... tuliyoyapima, ... yalizidi kilomita 50 kwa saa. Tuliandika nusura ....

Kwa kibali chenu cha tarehe ... tulifanya jaribio la wiki mbili. Baada ya jaribio, magari yaliyozidi kilomita 50 yalikuwa ... kati ya ....

Tunaomba yafuatayo: (1) zebra iliyoinuliwa, (2) ukingo wa zege kubana kona, (3) mifuniko ... ya mtaro, (4) vibao vya kilomita 30. Wakazi wako tayari kutoa nguvu kazi ya kusafisha mtaro na kutunza miti. Muhtasari wa mkutano, hesabu na picha vimeambatishwa.

Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Mtaa, Mkuu wa Usalama Barabarani wilaya, Mwalimu Mkuu.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Baada ya wiki tatu nendeni kuulizia, watu wawili, kwa upole, mkiwa na nakala hiyo. Mkiambiwa fedha hazipo, ulizeni kipi kati ya vinne kinawezekana mwaka huu. Mara nyingi vibao na mifuniko vinapatikana kwenye matengenezo ya kawaida. Chukueni hivyo, mshukuru kwa barua, na mrudi na vilivyobaki mwaka unaofuata.

Hatua ya tisa: mkandarasi akija, na akishaondoka

Siku ya kuchimba, mmoja wenu awepo na futi kamba. Hamuendi kugombana. Mnaangalia tuta lisizidi sentimita 10, zebra ikae pale mlipokubaliana, maji yasizibwe njia. Kosa likionekana zege likiwa bichi linarekebishwa kwa koleo. Likikauka ni barua nyingine na mwaka mwingine.

Kisha utunzaji. Rangi ya zebra haimalizi masika mawili. Pangeni kuomba ipakwe upya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ili darasa la kwanza wa Januari waikute nyeupe. Mtaro usafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya vuli. Kila miezi sita rudieni hesabu ya asubuhi moja, kwenye kaunta buku lilelile, ukurasa unaofuata.

Daftari lisikae kwa mtu mmoja. Piga picha kila ukurasa mtume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na lenyewe lifungiwe kwenye kabati la ofisi ya serikali ya mtaa, mwenye ufunguo akijulikana. Kona ya pili ikichaguliwa, anayekuja kuhesabu aanze kwa kusoma kurasa za kona ya kwanza.